Bi Hapana na Picha ya Uwanda Mweupe

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi bado inabishana nazo, mtunza stoo wetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili na namba ya mtumishi. Humu ndani, kuanzia getini hadi darini, anaitwa Bi Hapana. Yeye mwenyewe akipokea simu husema "Bi Hapana hapa", kwa hiyo sioni sababu ya kumwandika vingine.

Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida letu la wafanyakazi. Nimeambiwa niandike kwa furaha, nitaje vyeti vyake, nitaje utani wake wa saa ya chai, na nisiguse kabisa mambo ya ile picha. Furaha ninayo. Vyeti nitavitaja. Lakini kumuaga Bi Hapana bila kuigusa ile picha, jamani, ni kumuaga mtu mwingine. Dada wa mapokezi, ambaye ndiye mhariri wa jarida hili na ndiye anayekaa na mashine ya fotokopi, ameniambia karatasi zipo za kutosha hata kurasa nne. Basi tuendelee.

Kwa wasioijua, picha hiyo ni namba 212 katika daftari la mali la jumba letu la sanaa. Imechorwa kwa rangi za maji, na upana wake hauzidi gazeti lililokunjwa. Inaonyesha uwanda wazi, mbali na nyumba za watu. Juu kuna anga la buluu iliyopauka, katikati mstari mwembamba wa vilima, chini yake vishungi vichache vya majani makavu na njia ya miguu inayokata kona na kupotea. Zaidi ya hapo ni karatasi tupu. Nusu nzima ya chini haina rangi. Aliyeichora alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Leo ni mzee maarufu, yule tunayemwita humu Mchoraji Mkuu, na picha zake kubwa zilizojaa masoko, harusi na mamia ya watu zimetundikwa kwenye kumbi ambazo mimi na wewe hatualikwi.

Tarehe tatu ya mwezi ujao, siku ya kufungua maonyesho mapya, uongozi umepanga Mchoraji Mkuu aimalizie picha hiyo mbele ya wageni. Ashike brashi, ajaze ule weupe, watu wapige makofi. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: saini ya mtunza stoo kwenye fomu ya kutoa picha. Bi Hapana ameikatalia fomu hiyo mwaka mzima na miezi mitatu, na wapo waliokuwa wakihesabu siku zake za kustaafu kwa hamu kuliko yeye.

Sasa tumjue mwenyewe. Aliingia humu akiwa binti wa miaka ishirini na sita, mpiga taipu wa daraja la chini kabisa. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za watu wanaotupa picha na kuandika maelezo yake kwenye daftari la mali. Wiki yake ya tatu alifika mama mmoja mtu mzima, amebeba picha ndani ya foronya. Alikuwa mama yake mchoraji. Hakukaa wala hakunywa maji aliyopewa. Aliacha picha na barua ya mistari mitatu iliyosema: "Nawapa picha ya mwanzo ya mwanangu. Kaeni nayo. Msimpe, hata akija analia."

Mama yule alimaanisha picha ya siku za mwanzo za mwanawe, kabla hajawa mtu wa kualikwa na kupigwa picha magazetini. Mpiga taipu wetu akaitazama ile karatasi, akaona nusu yake nyeupe pe, akarudi kwenye neno "mwanzo", akaona mambo yamekaa sawa: picha imeanzwa, mwenyewe akaiacha njiani. Akaandika kwenye daftari: "Uwanda. Rangi za maji. Ni mwanzo tu, haijaisha." Akageuza ukurasa, akaenda kula.

Neno hilo ndilo lililokuja kumkaa kooni maisha yake yote ya kazi. Kanuni zetu zinasema kilichoandikwa kwenye daftari la mali hakifutwi mpaka bodi iamue. Na hoja yote ya uongozi leo, ukiondoa mapambo, imesimama juu ya neno hilo: daftari linasema haijaisha, kwa hiyo kuimalizia si kuiharibu.

Kosa lile Bi Hapana hajawahi kulificha wala kumsukumia mtu. Kila mfanyakazi mpya, siku yake ya kwanza, alimfungulia ukurasa ule, akaweka kidole juu ya "haijaisha" na kumwambia kwamba hilo aliliandika yeye, kwa haraka zake na njaa yake. Mimi nilipoonyeshwa nilicheka. Yeye hakucheka.

Vyeti, kama nilivyoahidi. Miaka mitano baada ya kuajiriwa alipelekwa kusomea utunzaji wa karatasi kwa miezi tisa, akarudi na cheti, koti jeupe na tabia ya kunusa kuta. Baadaye akapata cheti cha pili, cha kupambana na ukungu na wadudu. Ameitunza stoo ya chini kwa miaka ishirini na miwili. Mkononi mwake zimepita picha elfu moja mia nne na sita, na hakuna hata moja iliyopotea. Yale mafuriko ya bomba lililopasuka saa ya chakula cha mchana wengi mnayakumbuka: yeye, mlinzi wa geti na mama wa usafi walizitoa droo zote za bati ndani ya dakika arobaini. Mhasibu aliyekuja mbio na mashine ya kukaushia nywele ili asaidie alijibiwa kwa neno moja, nanyi mnalijua neno lenyewe.

Jina la Bi Hapana alilipata mbele ya kipaza sauti. Mgeni rasmi mmoja, katikati ya hotuba yake, alinyoosha kidole aiguse picha moja ya zamani, aone kama rangi imekauka. Picha ilikuwa na miaka sitini. Bi Hapana alikuwa amesimama nyuma yake, na ile hapana yake ikatoka kwenye spika nne, ikasikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Mgeni rasmi alirudisha mkono mfukoni na hotuba haikupata miguu tena.

Halafu kuna habari ya kalamu. Ndani ya stoo hakuna wino, ni penseli tu, maana penseli ikiponyoka itaacha alama ya kufutika, lakini tone moja la wino likiangukia picha huwezi kulirudisha lilikotoka. Kanuni hiyo imebandikwa mlangoni na Bi Hapana ndiye aliyeibandika. Kila anayeshuka zile ngazi kumi na saba husimamishwa, hupekuliwa mfuko wa shati, kalamu ikatiwa kwenye boksi la viatu. Amewanyang'anya kalamu wakurugenzi watano kwa awamu zao. Hata mumewe, fundi cherehani, ambaye kwa kweli ni shemeji yetu sote, alipomletea mwavuli siku moja alipekuliwa kama sisi. Shemeji huyo anatuambia kwamba nyumbani mkewe hakatai kitu: wajukuu wakiomba hili, ndiyo, wakiomba lile, ndiyo. Anasema hapana zote huziacha huku kwetu na yeye hana malalamiko.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana wasifu wa mwenzangu hauwezi kukamilika bila kosa langu mimi. Niliajiriwa humu kama fundi fremu miaka kumi na sita iliyopita. Kati ya kazi zangu za kwanza ilikuwa kuivalisha fremu mpya picha namba 212, kwa sababu fremu ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Nilipoitoa nikakuta, chini kabisa pembeni, pale palipokuwa pamefichwa na ukingo wa mbao, pana mkwaruzo hafifu wa penseli. Kwa akili yangu ya siku zile: karatasi tupu, juu yake mkwaruzo, huo ni uchafu. Nikakata kadibodi ya kuzungukia picha, nikaipima iache kidirisha cha anga na vilima peke yake, weupe wote uende chini ya kadibodi. Nikajipongeza. Kisha nikashika raba niufute ule mkwaruzo, maana mimi ni mtu wa usafi.

Hapana ya siku ile sitaisahau. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yangu na sijui alikuwapo tangu lini. Alininyang'anya raba, akachukua lenzi, akainama juu ya meza mpaka nikadhani anainusa karatasi. Mkwaruzo ule ulikuwa saini. Jina la kijana wa miaka kumi na tisa na tarehe, kwa mwandiko mdogo wa mtu mwenye haya, pale pale kwenye ule weupe. Bi Hapana alikaa kwenye kigoda changu akalia. Alikuwa na miaka kumi na minane kazini wakati huo, na sikuwahi kumwona hata akipiga chafya bila ruhusa. Aliniambia mtu hatii saini kwenye kitu ambacho hajakimaliza. Akaniambia yeye ndiye aliyemharibia jina yule kijana, kwenye daftari, kwa mkono wake mwenyewe.

Sikuelewa vizuri. Bado niliona karatasi tupu, nikamwambia hivyo. Kesho yake saa sita mchana akanitoa karakanani, akanisimamisha katikati ya maegesho ya magari, jua limekaa utosini, akaniamuru nitazame chini nimtajie rangi ya sakafu. Nilijaribu. Macho yalinitoka machozi, sikuona zege wala vumbi, niliona weupe unaochoma. Akaniambia kijana yule hakuishiwa rangi na hakuishiwa muda. Alikuwa kwenye uwanda, saa kama ile, akachora alichokiona. Akarudi zake ndani. Mimi nikabaki pale nikipepesa macho, mlinzi wa geti ananiuliza kama nimepata habari mbaya.

Kadibodi niliikata upya, safari hii ikabaki nje kabisa ya picha, saini na weupe wake vionekane. Ila kwenye jalada la picha kuna karatasi ya kazi yangu ya kwanza, ile ya kuficha, yenye maneno yangu: "Sehemu isiyo na mchoro imefunikwa." Karatasi hiyo nayo haifutwi. Mtaona imetumikaje.

Tangu mwaka ule, kila Januari, Bi Hapana ameiandikia bodi barua moja ya kuomba neno lake lisahihishwe. Barua kumi na sita. Mara kumi na tatu alijibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Mara mbili hakujibiwa. Mara moja alijibiwa kwamba aeleze kwanza anamaanisha nini anaposema picha "imeisha", naye akawapelekea kurasa nne zenye picha ya ile saini iliyokuzwa, na nakala ya barua ya yule mama. Nadhani hawakutegemea zije. Barua za mwanzo hakuna aliyezijali kwa sababu picha yenyewe hakuna aliyeijali. Barua za mwisho hakuna aliyezitaka kwa sababu kosa limeanza kufaa.

Mkurugenzi wetu wa sasa si mtu mbaya, na naandika hivi nikijua atasoma. Anapenda watu wajae ukumbini, na hilo si dhambi. Alipoona kwenye daftari kwamba tuna picha ya ujana ya Mchoraji Mkuu ambayo "haijaisha", macho yalimng'aa. Akampigia mzee simu. Mzee akakubali papo hapo. Fomu ikaandaliwa.

Mara ya kwanza mkurugenzi alishuka nayo mwenyewe, kalamu mfukoni. Kalamu ikaishia kwenye boksi la viatu. Kanuni ya nne: hakuna wino ndani ya stoo. Akataka saini itiwe ofisini kwake, juu. Kanuni ya tisa: fomu ya kutoa picha hutiwa saini kwa wino, picha yenyewe ikiwa mbele ya mtunza stoo. Akaagiza meza iwekwe kwenye korido, nje ya mlango, ambapo wino unaruhusiwa, na picha itolewe hapo. Tulikuwa tukifanya hivyo kwa picha nyingine zote, na meza ile nimeitengeneza mimi. Lakini anayetoa picha kwenye droo ni mtunza stoo peke yake, na mtunza stoo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekunja mikono, anamtazama mkuu wake kwa heshima zote. Meza imekaa kwenye korido mwaka na miezi mitatu. Mama wa usafi huifuta vumbi kila asubuhi na kuweka ndoo juu yake.

Mwisho alikuja mzee mwenyewe. Alikuwa mpole kuliko nilivyofikiri, na amechoka magoti. Bi Hapana alimshika mkono kwenye zile ngazi, akampa kiti, akamnyang'anya kalamu, akamfungulia droo. Mzee aliitazama picha yake kwa muda mrefu. Kisha akaeleza, kama fundi kwa fundi, kwamba hapa ataweka kundi la ng'ombe, hapa miti mitatu, hapa wanawake wanarudi na kuni, maana kila akikumbuka ule utupu anaona haya, na watu watasema alianza maisha bila kitu cha kusema. Bi Hapana akamjibu kwamba akitaka uwanda wenye ng'ombe karatasi zipo nyingi, hata leo anaweza kumpa moja. Mzee akasema picha ni yake. Bi Hapana akasema ilikuwa yake, akaenda kwenye kabati, akamletea barua ya mama yake.

Mzee hakuwa akijua. Miaka yote alidhani picha ile ililoa mvua ikatupwa. Alisoma mistari mitatu, akarudia, akauliza kama kweli mama alileta mwenyewe, kwa miguu yake, akaambiwa ndiyo, ndani ya foronya. Mimi nilikuwa pale, nimeshika ngazi ya mbao ya kufikia kabati. Nilitegemea atalia, na moyoni niliomba asilie, kwa sababu ya yale maneno. Hakulia. Alinuna. Alisema mama yake hakuwa mtu wa sanaa, kwamba alikuwa akimfichia picha zake kila akitaka kuzichora upya, kwamba kijana yule hakujua kitu. Bi Hapana akasimama, na hapa nanukuu, maana niliyaandika siku ile ile kwa penseli: "Mzee wangu, kijana yule ameshatia saini. Mimi ni nani niweke ya kwangu juu yake?"

Mzee aliondoka bila kuaga na akasahau kalamu. Wiki iliyofuata barua ikaja kwamba msimamo wake ni ule ule. Nasema hivi ili mtu asidhani kila kitu kilimalizika vizuri siku ile. Hakikumalizika.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba dawa ni kusubiri. Bi Hapana angestaafu tarehe thelathini, mtunza stoo mpya angeingia tarehe mosi, brashi ingelowana tarehe tatu. Akatafutwa mtu wa kumrithi. Mlinzi wa geti aliulizwa, akasema ngazi zinamtesa. Dada wa mapokezi akasema ana mzio wa vumbi, jambo ambalo lilitushangaza sisi tunaomjua. Kisha jalada la picha likafunguliwa, ikapatikana karatasi yangu ya kazi, "Sehemu isiyo na mchoro imefunikwa", na uongozi ukaona umepata mtu mwenye macho kama yao. Nikaitwa juu. Nilipoulizwa kama niko tayari kuwa mtunza stoo nilisema sawa.

Niwe mkweli. Humu mimi naitwa Bwana Sawa, na hakuna aliyenisingizia. Kwa miaka kumi na sita nimesema sawa kwa fremu mbovu, kwa likizo zilizofutwa, kwa meza ile ya korido. Nikishasema ndiyo huwa nalala vizuri. Bi Hapana alipopata habari hakuniambia neno kwa siku mbili, na siku mbili za Bi Hapana kukaa kimya ni adhabu ambayo simtakii adui. Siku ya tatu akanijia karakanani na rundo la funguo, akaniita mdogo wangu kama kawaida yake, akasema tuanze kukabidhiana.

Tulikabidhiana kwa siku kumi na moja. Picha elfu moja mia nne na sita, moja moja: hii inaogopa mwanga, hii pembe yake imelegea, hii usiigeuze kamwe, mgongo wake una barua ya mapenzi ya mtu ambaye mjane wake bado huja kututembelea. Alinionyesha wapi ukungu huanzia mvua zikikaza. Nilijua mwanamke huyu ana kazi, lakini sikujua ukubwa wake, na nilijisikia vibaya kwamba nilimtania miaka yote kwa sababu ya kalamu.

Namba 212 aliiweka mwisho kabisa. Nilijiandaa. Nilidhani ataniapisha, au atanishika kola, na ningekuwa na haki ya kukasirika na kusema nina watoto wanaosoma. Hakufanya hivyo. Aliifungua, tukaitazama wote wawili, akanionyesha daftari, akanionyesha barua ya mama, akaniambia stoo sasa ni yangu na nitakachofanya humu kitakuwa cha kwangu, si cha kwake. Kisha akafunga droo. Aliniambia anaogopa. Hajawahi kuniambia hivyo. Alisema hajali ataitwaje akiondoka, lakini anaogopa kuiona siku moja kwenye gazeti, imejaa ng'ombe, na kujua kwamba mlango uliwafungukia kwa neno aliloandika yeye akiwa na njaa.

Fomu nililetewa juzi, Jumatatu, ili niipitie mapema. Ilikuwa na jina langu limeshapigwa chapa, na msalaba mdogo wa kunionyesha pa kusaini. Barua iliyoambatana nayo ilikuwa ya heshima. Ilinikumbusha kwamba nafasi ya mtunza stoo ina miezi sita ya majaribio, na mimi najua kusoma.

Sasa uongozi, nanyi wenzangu, nawaombeni mnisikilize vizuri, maana sijazoea kusema jambo hili na huenda nikalisema vibaya. Jibu langu nimelipeleka jana asubuhi na nakala iko kwa dada wa mapokezi. Jibu ni hapana. Haitatoka tarehe tatu, haitatoka mwezi unaofuata, na mkiniondoa mtamtafuta mwingine, na huyo mwingine nitampitisha siku kumi na moja za kukabidhiana kama nilivyopitishwa mimi. Barua ya Januari ya kumi na saba nimeshaianza. Safari hii ina majina ya wafanyakazi ishirini na tatu, wa kwanza mlinzi wa geti, ambaye alishuka ngazi zote kumi na saba kuja kuitazama picha kabla ya kuweka jina lake.

Bahasha niliifunga Jumatatu usiku. Usiku ule sikupata usingizi wangu wa kawaida. Lakini nilipopita mbele ya ofisi ya mkurugenzi niliona natembea wima, na mgongo wangu, ambao nilidhani umepinda kwa ajili ya kuinamia fremu, kumbe ulikuwa na sababu nyingine.

Dada yetu, mama yetu, bosi wetu wa chini: asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa droo zilizookoka maji, kwa ukungu uliokukimbia, kwa kila mkono uliouzuia usiguse. Asante kwa kukiri kosa mbele ya kila mgeni na kulipigania lirekebishwe wakati wengine tungelifungia kabatini. Shemeji yetu fundi cherehani apokee mke wake na avumilie, pengine amebakiwa na hapana mbili tatu. Wajukuu wamfaidi. Miguu yake isahau zile ngazi, na kila asubuhi imkute na afya, chai ya moto na watu wanaompenda.

Gazeti la tarehe nne unaweza kulinunua bila woga. Hutaona ng'ombe.